Kimebaki Kidole

Kibirizi, Kigoma
Jumapili, 8 Septemba 2024

Mdogo wangu Martini,

Usishangae kupata karatasi kutoka kwangu wakati simu zetu zote mbili ni nzima. Barua hii nimempa Wilfred wa boti ya Kalya, na nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe hapo zahanati, asimpe mwingine. Kuanzia leo, ukipata ujumbe wa simu wenye jina langu usiuamini mpaka uone mwandiko huu.

Jumatatu iliyopita alfajiri, ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama kule Simbo. Ulitoka kwenye namba ya Meshack. Sisemi namba inayofanana na yake. Ni ile ile, na picha yake ile ya shati la bluu. Uliandikwa hivi: "Mama, ni mimi. Niko hai. Usimwambie mtu kwanza."

Wewe unajua na mimi najua. Simu ya Meshack ilikuwa mfukoni mwake, imefungwa kwenye nailoni, usiku ule wa Machi boti yao ilipopinduka. Gasper aliyekuwa naye alishikilia dumu mpaka akaokotwa. Kaka yetu hakuonekana. Tulikaa ufukweni tukingoja ziwa limtoe, halikumtoa, mpaka wazee wakasema nyumba haiwezi kukaa na msiba usio na kaburi. Tukang'oa mgomba pamoja na shina lake, tukauvika shuka, tukauzika nyuma ya nyumba kwa jina lake. Wewe ulishika upande wa kichwa.

Sasa Mama ananiambia: "Mlizika mgomba. Nani aliwaambia mwanangu amekufa?"

Nilikuwa jikoni kwake, nikaendelea kuchochea moto.

Nimwambie nini? Nilimwambia ni matapeli. Nikamkumbusha zile jumbe za "ile pesa tuma kwenye namba hii" ambazo yeye mwenyewe huwa anazicheka. Akanionyesha ujumbe wa pili, na huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Unasema: "Mama, nasikia kaburi langu limeota."

Martini, kaburi limeota kweli. Chipukizi lilitokea mwishoni mwa Agosti, upande wa miguu. Mama amelificha kwa kuliegemezea matawi, majirani wasiseme. Niliyemwambia habari hiyo ni wewe peke yako, kwa ujumbe wa WhatsApp, tarehe 28 Agosti. Nimeiandika kwenye daftari langu la kila siku kwamba nimekwambia. Je, ulimwambia mtu?

Nijibu kwa karatasi. Wilfred anarudi huku Jumanne ya tarehe 17.

Dada yako,
Eufrasia

---

Kalya
15 Septemba 2024

Dada Eufrasia, shikamoo.

Barua nimeipata. Wilfred alinikuta nafunga kidonda cha mtoto, akasimama mlangoni na bahasha juu kama hakimu, akakataa kumpa muuguzi. Watu hapa wakadhani nimeitwa mahakamani.

Habari ya kaburi sikumwambia mtu. Nani wa kumwambia huku? Mtandao wenyewe mpaka upande kilimani nyuma ya shule, na ukifika juu unakuta nusu ya kijiji wamenyoosha simu mbinguni.

Dada, naomba usikasirike na ninachouliza. Tuna uhakika gani? Ziwa hili lina ng'ambo. Tunao watu waliosukumwa na upepo mpaka Kongo wakarudi baada ya miezi, wakakuta watoto wao wamenyolewa nywele kwa ajili ya msiba. Wewe uko Kibirizi, hizo habari unazisikia kila siku kuliko mimi. Meshack alikuwa anaogelea vizuri kuliko Gasper.

Mimi namkumbuka alivyokuwa akitoka kwenda ziwani, hasemi neno. Ukimuuliza kitu mlangoni anakupita kama umemkosea. Nilikuwa namchukia kwa tabia ile. Sasa usiku nikilala ndiyo naiota: anapita mlangoni, nami nauliza, naye hanijibu.

Usikimbilie kuifunga laini. Muulize kwanza maswali. Muulize mambo ambayo Meshack tu anayajua, uone.

Na kama mtu yeyote amekutumia herufi au namba za kuingiza kwenye simu yako, usiziingize. Nasema tu kwa tahadhari.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Martini

---

Kibirizi
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mdogo wangu Martini,

Nimefanya kama ulivyosema. Alhamisi nilikwenda Simbo, nikamwomba Mama simu. Alinipa, lakini hakuondoka. Alikaa mbele yangu akichambua maharage, macho yakiwa kwenye kioo cha simu.

Niliuliza alizaliwa lini na wapi. Jibu likaja hapo hapo, sawasawa. Jina la ukoo wa Mama. Shule aliyosoma, mwalimu aliyempenda, jina la utani walilompa ufukweni. Yote sawa. Nikauliza aliugua nini utotoni, akasema surua, na kwamba Mama alimbeba kwa miguu mpaka Ujiji kumtibu. Mama akaangusha ungo. Akaniambia, "Bado tu? Bado unamuuliza vyeti ndugu yako?"

Niliokota ungo, nikarudi kwenye simu. Nilijisikia ninazungumza na mtu aliye chini ya maji, anayetoa jibu moja moja kama mapovu.

Jioni nilikuwa nageuza dagaa kwenye vichanja, kazi ambayo mikono huifanya yenyewe, ndipo nikaanza kuyarudia majibu yale kichwani. Nilipomuuliza tabia yake alisema "mwenye bidii, mpole na mcheshi kwa rika zote." Nani anajisemea hivyo? Niliacha dagaa wangu kwa jirani nikaenda nyumbani. Nikaitafuta karatasi ya wasifu wa marehemu, ile niliyoisoma siku ya kuzika mgomba. Maneno ni yale yale, Martini. Tarehe ya kuzaliwa, ukoo wa Mama, shule, mwalimu, surua, safari ya Ujiji. Niliuandika mimi, na kwa sababu napenda kitu kikamilike niliweka kila kitu. Kisha nikaupiga picha nikautuma kwenye kundi la wavuvi na wafanyabiashara wa hapa, na kwenye Facebook, pamoja na picha ya shati la bluu, ili walio mbali nao wamlilie.

Ijumaa nilikwenda mjini, ofisi ya kampuni ya simu. Dada wa mezani alinisikiliza vizuri. Akaniambia mtu akipoteza laini na kuja kuidai, huulizwa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na watu anaowapigia mara kwa mara, na huweka kidole. Kidole cha Meshack hawakuwa nacho. Akashusha sauti akasema kuna mawakala wachache huko nje wasio waaminifu. "Majibu mengine dada yangu, inaelekea waliyapata kwenu." Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Laini inaweza kufungwa, lakini lazima aje mzazi, na barua ya mtendaji wa kijiji inayosema kwamba mwanawe amefariki, naye aseme kwa kinywa chake na kuweka kidole. Mimi dada siwezi. Nilimweleza Mama. Akaingia ndani akafunga mlango.

Basi hayo ya wasifu nimeyaelewa. Lakini kaburi kuota halimo kwenye wasifu. Nauliza tena, na safari hii fikiri kabla ya kujibu.

Eufrasia

---

Kibirizi
Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Martini,

Boti imekuja bila barua yako. Wilfred anasema alikuona, ukamwambia huna cha kutuma. Sawa. Naandika hata hivyo, kwa sababu mambo yamekwenda mbele.

Wiki hii Mama ametumiwa sauti. Kanisikilizisha mara moja tu, kisha akaikumbatia simu kifuani. Ni Meshack. Ni sauti yake halisi, na upepo nyuma, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema: "Mama, niko salama, usihofu. Nitakupigia." Nilikaa kwenye kizingiti nikalia kama mtoto. Mama hakulia, yeye alikuwa anatabasamu. Huo ulikuwa mwisho wa maneno yangu yote ya utapeli.

Nimelitafakari jambo hilo siku mbili. Sauti ile ni ya mwaka juzi, walipopelekwa na upepo mpaka Rumonge, Burundi, akatutumia kwenye kundi letu la familia. Kundi lile lina watu wanne: Mama, mimi, wewe na yeye. Simu yake iko ziwani. Mama hajui kuhamisha sauti. Mimi sikuihamisha.

Mdogo wangu, sikuulizi tena. Ninakuelekeza tu. Panda kilimani, fungua WhatsApp, nenda sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kifaa usichokijua, kiondoe, kisha weka ile namba ya siri ya nyongeza. Mtu yule amekaa ndani ya simu yako anasoma kila tunachoandikiana. Ndivyo alivyolijua chipukizi.

Sasa jambo lenyewe. Mama amekwishampigia yule mtu picha ya kitambulisho chake cha Taifa, Diana wa jirani alimsaidia bila kujua, na picha imetumwa. Namba ya kitambulisho wanayo, jina wanalo, sura wanayo. Kimebaki kidole. Wamemwambia Jumamosi ya tarehe 12 aende Kidahwe, barabara ya Kasulu, kuna kijana wa laini atakayekaa na mwavuli wa kijani karibu na stendi. Aweke kidole ili namba ya Meshack iwe kwa jina la Mama, ndipo Meshack ataweza kupiga na kuzungumza. Akiweka kidole kile, Martini, watakuwa na Mama mzima mfukoni. Watasajili laini kwa jina lake, watakopa na kutapeli watu kwa jina lake, na polisi watakapokuja watakuja Simbo.

Kuna kitu kimoja tu nilichokipata cha kumwonyesha. Katika jumbe zake yule mtu ameandika: "Nitarudi na migebuka, kama nilivyokuahidi." Unakumbuka hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya mwisho ya wasifu, maneno ya Meshack ya mwisho, tuliyoletewa na Gasper. Nilikwenda kumtafuta Gasper. Hapandi boti tena, anabeba mizigo hapo ufukweni. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la dagaa.

Nikamwambia, "Gasper, yale maneno ya migebuka, aliyasema saa ngapi? Mkiwa wapi?"

"Maneno gani dada?"

"Unayajua."

Alivua kofia akaivaa tena. "Dada Eufrasia, we unauliza ya nini leo? Si mmeshazika?"

"Tumezika mgomba, Gasper."

Akanisogezea nafasi kwenye gunia. Kisha akasema, "Hakusema kitu. Wimbi lilikuja, taa ikazima, nikamsikia anapumua, halafu sikumsikia. Nilipofika nchi kavu mama yenu alinishika shati mbele ya watu wote, 'Alisema nini? Mwanangu alisema nini?' Sasa mimi ningemwambia alipumua? Niliangalia chini, nikaona ndoo ya mtu ina samaki, migebuka. Nikasema nilichokiona." Akafuta uso kwa kofia ile ile. "Kila siku tangu siku ile mtu akipita na migebuka mimi nageuka kando."

Kwa hiyo tunao ushahidi. Maiti huyu anakumbuka ahadi ambayo hakuwahi kuitoa. Nikimwambia Mama, ataelewa kwamba anayemwandikia ni mwizi aliyesoma karatasi yangu. Lakini pia nitakuwa nimemnyang'anya neno la mwisho la mwanawe, kitu pekee alichokirudisha ziwa.

Niambie nifanye nini. Jibu lije na boti ya Jumanne.

Eufrasia

---

Kalya
9 Oktoba 2024

Dada,

Boti ya Jumanne haikuondoka, mawimbi. Sijui kama hii itakuwahi.

Nilipanda kilimani. Kifaa kilikuwepo, tangu tarehe 20 Agosti. Nimekiondoa.

Alinianza mimi kabla ya Mama. Namba yake iliwaka nikiwa kule juu, watu wamenizunguka, wanacheka na simu zao. Aliandika "Martini." Jina tu. Kisha akanitumia herufi na namba nane, akasema niziingize kwenye WhatsApp ndipo tutaonana kwa video. Dada, mimi ndiye ninayewaambia wagonjwa hapa wasimpe mtu namba za siri. Nilijua ninachofanya. Niliziingiza nikijua. Nilifikiri, hata kama ni mwizi, labda kwa dakika moja kioo kitawaka nitamwona amesimama mahali. Kioo hakikuwaka.

Usimwambie Mama habari ya Gasper. Nakupigia magoti yote mawili. Mnyang'anye simu, itupe chooni, mfungie ndani Jumamosi, atakasirika mwezi mmoja na itakwisha. Lakini yale maneno muachie.

Martini

---

Kibirizi
Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Shikamoo Mama,

Nimekuja kwako mara tatu na kila mara umeingia ndani. Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii anakuletea kondakta wa gari la Simbo, kesho Ijumaa.

Mama, najua utasema Eufrasia na madaftari yake. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujaenda Kidahwe.

Anayekuandikia si Meshack. Majibu yake yote yametoka kwenye wasifu nilioandika mimi. Sauti aliyokutumia ni ya siku ile ya Rumonge, ameiiba kwenye kundi letu. Habari ya mgomba aliisoma kwenye simu ya Martini. Na lile neno la migebuka, Mama, ambalo umeliweka moyoni, Meshack hakulisema. Gasper alilitunga kwa sababu ulikuwa unalia naye hakuwa na kitu cha kukupa. Nimemuuliza, amenieleza mwenyewe. Martini hajanijibu, kwa hiyo kama nimekosea kukwambia, kosa ni langu peke yangu.

Kidole chako ni kimoja, Mama. Wakikichukua hakuna ofisi itakayokupa kingine. Usiweke.

Jumamosi asubuhi nitakuwa stendi ya Kidahwe. Hata kama hutaki kunisemesha, nitakaa pembeni.

Mwanao,
Eufrasia

---

Simbo
20 Oktoba 2024

Wanangu Eufrasia na Martini,

Mwakeye, hamjambo. Nawaandikia barua moja, Eufrasia aisome kisha ampe Wilfred ampelekee Martini, na Martini asiniandikie kuomba radhi maana naona ameanza. Mwandiko wangu ni mbaya, nimeacha kuandika tangu nilipokuwa mweka hazina wa akina mama kanisani.

Barua ya Eufrasia ilifika Ijumaa. Sikuifungua. Niliiweka chini ya Biblia, nikaenda kulala. Nilijua ilichosema.

Jumamosi niliondoka kungali giza, kwa pikipiki, ili Eufrasia asinikute. Nilifika Kidahwe jua linatoka. Mwavuli wa kijani ulikuwepo. Kijana alikuwepo, msafi, ana meza ndogo na kile kimashine cha kusoma kidole. Akainuka akanipa kiti chake. "Shikamoo mama. Meshack ametuambia utakuja." Kuna mtu alilitaja jina la mwanangu mbele yangu kama la mtu aliyetoka kunywa naye chai. Nyinyi wote tangu Machi mnalitaja kwa sauti ya chini.

Akachukua kitambaa akanifuta kidole gumba, polepole, kwa sababu kilikuwa na udongo.

Sasa nisikilizeni, maana hili sijawahi kuwaambia. Baba yenu alipokuwa akienda ziwani, hakuna mtu wa nyumba hii aliyeruhusiwa kumuuliza ataleta nini, wala yeye hakusema. Mvuvi akitaja samaki kabla hajamshika, ziwa linasikia. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomfundisha Meshack kabla baba yenu hajafa, Meshack tu kwa sababu ndiye aliyekuwa wa ziwani. Nyinyi mliona ana kiburi mlangoni. Mimi nilikuwa naona baba yenu anapita. Katika miaka yote ile mwanangu hakuniahidi hata dagaa mmoja.

Kwa hiyo Gasper aliposema migebuka pale ufukweni, nilijua siku ile ile. Nilimwachilia shati. Nilifikiri, mtoto wa watu ametoka majini hajakauka, na anatafuta cha kunipa. Nikapokea. Eufrasia alipoliandika nikamwacha aliandike. Lilikuwa neno zuri na halikuwa na ubaya kwa mtu.

Na yule wa kwenye simu alipoandika migebuka, nilijua pia. Msinione mjinga. Nilijua ni mwizi. Lakini kila alfajiri simu ilikuwa inawaka hapo ilipotundikwa ukutani, na imeandikwa "Mama". Nikasema nitamwacha siku moja zaidi. Kisha ikaja sauti. Ile sauti, wanangu, nilijua nayo ni ya Rumonge, nilikuwa naikumbuka. Nilijua kwa kichwa. Miguu ilikwenda Kidahwe.

Basi kijana alikuwa ameshanishika mkono, kidole kiko juu ya kioo cha kile kimashine, bado hakijagusa. Nikamuuliza, "Mwanangu akirudi, ataniletea nini?"

Nilikuwa naomba anyamaze. Namwambia Mungu wangu hivi ninavyowaandikia: nilikuwa naomba yule kijana aangalie pembeni, asijibu kitu, kama Meshack mlangoni. Angenyamaza, ningeweka.

Akacheka vizuri, akasema, "Migebuka, mama. Si alikuahidi?"

Nikaurudisha mkono wangu. Nikaukunja kwenye kanga. Akasema mama vipi, weka tu mara moja, mashine inasubiri. Nikamwambia, "Wewe una mama?" Hakujibu. Hilo ndilo alilolinyamazia. Nikamuuliza tena, kwa sauti, "Una mama? Anajua umekaa hapa?" Watu wa pikipiki wakaanza kugeuka. Alikunja mwavuli wake, akachukua meza, kiti akaniachia mimi nimekikalia. Eufrasia aliponikuta nilikuwa bado nimekaa juu ya kiti cha mwizi, naye anajua sikumwambia kitu, nilimwomba tu maji.

Jumatano nilikwenda mjini peke yangu. Mtendaji alishaniandikia barua. Kwanza nilipita polisi nikaeleza, wakaandika. Kisha nikaenda ofisi ya simu, kwa yule dada wa mezani aliyemsikiliza Eufrasia. Alinibonyezea namba ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, ikaja moja tu, hii yangu. Akaniambia niwe naiangalia mara kwa mara, na zile jumbe nizitume 15040, namba ya kuripoti matapeli. Akanifungia kila mlango uliofungika.

Halafu akasema, "Mama, sasa ile ya mwanao. Naomba uniambie sababu ya kuifunga." Barua ya mtendaji ilikuwa mbele yake, sababu ameiona. Lakini utaratibu ni niseme.

Nikasema, "Meshack mwanangu amekufa ziwani mwezi wa tatu."

Ilikuwa mara ya kwanza. Siku ya mgomba nilikuwa nimefunga mdomo, hamkuona kwa sababu mlikuwa mnalia. Yule dada akanisogezea kimashine, kinafanana na kile cha Kidahwe. Kidole nilichomnyima mwizi nikakiweka pale. Hakikusoma mara ya kwanza, kwa sababu ya jembe, tukakifuta, nikaweka tena. Nikasubiri. Akasema, "Tayari mama. Imefungwa."

Alfajiri ya Alhamisi niliamka saa ile ile nikakaa naiangalia simu. Haikuwaka. Nimeamka hivyo kila siku mpaka leo. Nadhani nitaamka hivyo siku nyingi.

Barua ya Eufrasia nimeifungua leo ndipo nikaisoma. Hukukosea, Eufrasia. Mwambie Gasper aje Simbo Jumapili, tule, na nitapika migebuka, aache kugeuka kando. Martini, Eufrasia ameniambia ndoto yako, nawe usiote mlangoni. Hakuwa anakuchukia. Alikuwa anaogopa ziwa lisije likamsikia.

Mtakuwa mnauliza habari ya chipukizi. Nimeondoa yale matawi. Majirani wameona, wamesema waliyosema. Limekuwa refu kunifikia kiunoni na jani lake la kwanza limefunguka. Nilisimama karibu nalo nikaliangalia sana, kwa makini kama Eufrasia anavyoangalia vitu vyake.

Ni mgomba. Nimeuacha uote.

Mama yenu,
Rozalia